Mary Robinson katika Seneti ya Ireland, 1969–1989: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wengi wetu tunamfahamu Mary Robinson kama rais wa kwanza mwanamke wa Ireland, au kama yule mama wa Umoja wa Mataifa aliyekuwa akipita Goma, Bujumbura na Kigali mwaka 2013. Ukurasa huu unahusu miaka 20 iliyotangulia urais, alipokuwa seneta, na hasa michango aliyoitoa kwenye mijadala ya bunge. Maswali ni yale ambayo watu huuliza kila mara habari zake zinapotajwa.

Alikuwa nani kabla ya kuingia bungeni?

Alizaliwa Ballina, mji mdogo wa jimbo la Mayo magharibi mwa Ireland, tarehe 21 Mei 1944, kwa jina la Mary Bourke. Baba daktari, mama daktari, nyumba ya Wakatoliki wa kwelikweli. Alisomea sheria Trinity College, Dublin, kisha akaenda Harvard, na aliporudi akapewa uprofesa wa sheria Trinity mwaka 1969 akiwa na miaka 25.

Kusoma Trinity kwenyewe kulikuwa na kisa. Chuo kile kilihesabiwa ni cha Waprotestanti, na hadi mwaka 1970 Mkatoliki hakutakiwa kukanyaga pale bila kibali cha askofu mkuu wa Dublin. Wazazi wake walilazimika kuomba kibali hicho.

Mwaka 1967 alikuwa kiongozi wa chama cha wanafunzi wa sheria, na desturi ilimtaka kiongozi mpya atoe hotuba rasmi. Akachagua mada ya sheria na maadili. Alitaka katiba iondoe marufuku ya talaka, njia za uzazi wa mpango ziruhusiwe, na mahusiano ya jinsia moja pamoja na jaribio la kujiua yaache kuwa makosa ya jinai. Ukiishika orodha hiyo mkononi umeshika karibu ajenda yake yote ya seneti, miaka miwili kabla hajachaguliwa.

Seneti ya Ireland ni chombo cha namna gani?

Bunge la Ireland, Oireachtas, lina rais na mabaraza mawili. Dáil ndilo baraza la wabunge wanaochaguliwa na wananchi wote, na humo ndimo serikali inamozaliwa na kuangukia. Seanad ndiyo seneti. Ina viti 60. Viti 43 hugawanywa kwa makundi matano yenye majina ya shughuli za watu, kama kilimo, kazi, viwanda na biashara, ila wapiga kura wake ni madiwani, wabunge na maseneta wanaomaliza muda, kwa hiyo vyama ndivyo vinavyotawala. Viti 11 hujazwa na waziri mkuu, yaani Taoiseach, kwa uteuzi wake mwenyewe. Viti sita vilivyobaki, katika zama tunazozizungumzia, vilikuwa vya wahitimu wa vyuo vikuu: vitatu vya Chuo Kikuu cha Taifa, vitatu vya Trinity.

Msomaji wa Kenya asiichukulie kama seneti yake ya kaunti. Seneta wa Ireland hawakilishi kaunti yoyote.

Nguvu zake ni ndogo. Muswada wa kawaida inaweza kuuchelewesha kwa siku 90 tu, na muswada wa fedha ina siku 21 za kutoa mapendekezo, basi. Tangu katiba ya 1937 ianze kazi, ni mara mbili tu seneti ilipokataa muswada uliotoka Dáil: mwaka 1959, katika mpango wa kubadili mfumo wa kupiga kura, na mwaka 1964, katika muswada wa maduka ya rehani. Ndiyo, maduka ya kuweka vitu rehani. Katika mambo yote yaliyoitikisa Ireland karne iliyopita, hilo ndilo lililoipandisha seneti hasira.

Ilikuwaje binti wa miaka 25 akapata kiti?

Viti vya Trinity vilikuwa vimezoea kukaliwa na maprofesa wazee, wengi wao Waprotestanti. Kwenye uchaguzi wa 1969 Bourke aliuliza kwa nini lazima iwe hivyo, watu wakamwambia basi gombea wewe. Wapiga kura ni wahitimu, kura hupigwa kwa posta, na mgombea hahitaji chama wala fedha nyingi. Alishinda. Desemba 1970 aliolewa na Nicholas Robinson, na kuanzia hapo kumbukumbu za bunge zinamtaja kwa jina tunalolijua.

Muswada wake wa kwanza ulihusu nini?

Uzazi wa mpango. Ireland ya wakati ule ilikuwa na sheria ya mwaka 1935 ambayo kifungu chake cha 17 kilipiga marufuku kuuza vifaa na dawa za kuzuia mimba, na kuviingiza nchini kwa ajili ya kuuza. Juu ya hiyo kulikuwa na sheria za udhibiti wa machapisho, ya 1929 na ya 1946, zilizofanya hata kitabu au gazeti linalotetea njia hizo kuwa haramu. Mwanamke aliyetaka kupanga uzazi alikuwa na njia chache: daktari amwandikie vidonge kwa kisingizio cha kurekebisha hedhi, avuke mpaka kwenda Ireland ya Kaskazini ambako sheria ilikuwa ya Uingereza, au amwachie Mungu.

Mwaka 1971, Robinson na maseneta wenzake wawili wa vyuo vikuu, John Horgan na Trevor West, waliweka sahihi zao kwenye muswada wa kurekebisha sheria hizo. Wote watatu hawakuwa na chama.

Nimesoma kwamba muswada huo haukuwahi hata kuchapishwa. Inawezekanaje?

Inawezekana, na kwangu mimi hiki ndicho kipande chenye mafunzo kuliko vyote katika miaka yake 20.

Mabunge mengi yenye asili ya Westminster, ya kwetu yakiwemo, husoma muswada kwa mara ya kwanza kama kupiga hodi. Karani anataja jina la muswada, hakuna mjadala, kazi yenyewe inaanzia kusomwa kwa mara ya pili. Lakini kwa kanuni za seneti ya Ireland, muswada binafsi ulihitaji ridhaa ya ukumbi ili usomwe mara ya kwanza, na ni baada ya ridhaa hiyo tu ndipo ungepelekwa kupigwa chapa na kugawiwa. Bila ridhaa, hakuna karatasi. Maseneta wangeweza kuukataa muswada ambao hakuna raia aliyewahi kuuona.

Serikali ya chama cha Fianna Fáil, chini ya Taoiseach Jack Lynch, ilikuwa na wingi wa viti na ndiyo iliyoshika ratiba. Kwanza iliuacha muswada ukae. Wiki zikapita, miezi ikapita, swali linaulizwa kila shughuli za siku zinapopangwa, na jibu ni lilelile: si leo. Humo ukumbini Robinson akawa anafanya kazi ambayo mwanasheria anaijua vizuri, ya kubishania utaratibu ili kufikia kiini. Hakuwaomba wenzake waukubali uzazi wa mpango. Aliwaomba waukubali muswada uchapwe, wausome, kisha waukatae wakipenda. Julai 1971 ukumbi ulipiga kura na kukataa hata hilo.

Angalia alichokifanya hapo. Aliyekataa kusoma ndiye aliyebaki na la kujieleza. Magazeti ya Dublin, ambayo pengine yangeandika aya mbili juu ya vifungu vya muswada, sasa yalikuwa na habari ya bunge linaloogopa karatasi.

Kanisa lilisema nini?

Askofu Mkuu wa Dublin, John Charles McQuaid, aliandika barua ya kichungaji iliyosomwa makanisani Machi 1971. Alionya kwamba sheria ya namna hiyo ingekuwa laana kwa nchi. Waraka wa Papa Paulo wa Sita wa mwaka 1968, uliokataza njia hizo, ulikuwa bado mbichi, na kwa waumini wengi jambo lilikwisha kuamuliwa. Kule Ballina nako jina la Robinson lilifika mimbarini, wazazi wake wakiwa kanisani. Barua za matusi zilimiminika nyumbani, nyingine za kutisha, mpaka mumewe akazichoma. Robinson alisema baadaye kwamba natamani tungezitunza.

Haki iseme pia: wengi waliompinga hawakuwa wanafiki. Waliamini kwamba nchi yenye Wakatoliki wengi namna ile ina haki ya kutunga sheria inayofanana na imani yake. Hoja ya Robinson ilikuwa kwamba katika nchi hiyohiyo wapo Waprotestanti, Wayahudi na wasioamini, na kwamba Dublin haiwezi kuwaambia Waprotestanti wa kaskazini waje tuungane huku ikiwawekea sheria ya kanisa lisilo lao. Mwaka 1971, mabomu yakilia Belfast, hiyo haikuwa hoja ya darasani.

Nje ya bunge nako kulitokea nini?

Mei 1971 wanawake wa harakati za ukombozi walipanda treni kwenda Belfast, wakanunua kondomu na dawa za kuzuia mimba, wakarudi nazo Dublin mbele ya maofisa wa forodha na kamera za televisheni, wakizionyesha waziwazi. Robinson hakuwemo kwenye treni. Yeye alikuwa upande wa vitabu vya sheria.

Kisha ikaja mahakama. Mama mmoja wa watoto wanne, ambaye mimba nyingine ingeweza kumuua, alikuwa ameagiza dawa kutoka Uingereza na forodha wakaikamata. Kesi yake, inayojulikana kama McGee, ilifika Mahakama ya Juu, na tarehe 19 Desemba 1973 majaji wanne dhidi ya mmoja walisema marufuku ya kujiagizia dawa kwa matumizi yako mwenyewe inavunja haki ya faragha ya wanandoa. Kuuza kukabaki kosa, kuagiza kukawa halali. Yaani sheria ikabaki imekatika katikati.

Muswada wake wa pili nao?

Aliuwasilisha mwaka 1973, serikali ikiwa imebadilika na muungano wa vyama vya Fine Gael na Labour kushika madaraka. Safari hii ulichapishwa na kusomwa mara ya pili, kwa hiyo kuna mjadala kamili wa kusoma. Alipendekeza upatikanaji wa njia za uzazi wa mpango uwekwe chini ya usimamizi wa Waziri wa Afya, jambo ambalo leo linaonekana la tahadhari mno. Baada ya hukumu ya McGee hakuhitaji tena kuwashawishi maseneta kuhusu maadili. Aliwaambia mahakama imekwisha kuondoa nusu ya ukuta, je, nusu iliyobaki mnailinda kwa sababu gani?

Ulikataliwa Machi 1974. Serikali ilisema italeta wa kwake. Ikaleta kweli, na hapo Dáil ikashuhudia kioja ambacho Waireland hawajakisahau: tarehe 16 Julai 1974, Taoiseach Liam Cosgrave aliinuka, akaenda kupiga kura dhidi ya muswada wa serikali yake mwenyewe, bila kumwonya mtu. Muswada ukaanguka kwa kura 75 kwa 61.

Kwa hiyo alishindwa?

Kwa hesabu ya kura, kila mara.

Mwaka 1979 Charles Haughey, akiwa Waziri wa Afya, alipitisha sheria iliyoruhusu njia za uzazi wa mpango kwa cheti cha daktari, kwa ajili ya kupanga uzazi kwa nia njema, maneno yaliyoeleweka kuwa ni kwa wanandoa. Ukitaka kondomu, uende kwa daktari kwanza. Haughey mwenyewe aliliita suluhisho la Kiireland kwa tatizo la Kiireland, na watu wanacheka hadi leo. Mwaka 1985 cheti kikaondolewa kwa kondomu kwa waliofikisha miaka 18, Dáil ikigawanyika 83 kwa 80. Mwaka 1993 vikwazo vilivyobaki kwa kondomu vikafutwa, na sheria ile ikapelekwa mezani kwa rais ili isainiwe. Rais alikuwa Mary Robinson. Mwaka huohuo alisaini pia sheria iliyoacha kuyahesabu mahusiano ya wanaume wenyewe kwa wenyewe kuwa jinai, na mwaka 1996 akasaini ya talaka. Hotuba ya mwanafunzi wa 1967 ilikuwa imemrudia kipande kwa kipande, ikiwa na muhuri wa serikali.

Siwezi kudai kwamba hotuba za seneti ndizo zilizoleta sheria hizo. Mahakama, wanawake wa mitaani, madaktari, Jumuiya ya Ulaya na mabadiliko ya umri wa wapiga kura vilifanya kazi kubwa zaidi. Ila mtu wa kwanza kuliweka jambo hili mbele ya bunge likiwa limeandikwa vifungu, ili mawaziri walazimike kujibu, alikuwa yeye na wale wenzake wawili.

Je, alizungumzia uzazi wa mpango tu?

Hapana, ingawa magazeti yangekufanya uamini hivyo. Katikati ya miaka ya 1970 alileta muswada kuhusu matunzo na urithi wa watoto waliozaliwa nje ya ndoa, kundi ambalo sheria ya Ireland iliwaita watoto haramu na kuwanyima urithi wa baba. Haukufika mbali, lakini mwaka 1987 bunge lilifuta hadhi hiyo kabisa.

Sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa mahali pasipo na waandishi wa habari. Kuanzia 1973, Ireland ilipojiunga na Jumuiya ya Ulaya, hadi 1989, alikuwa kwenye kamati ya pamoja ya mabaraza mawili iliyochambua sheria ndogo zinazotoka Brussels. Aliongoza kamati ndogo ya masuala ya jamii kwa miaka kumi, 1977 hadi 1987, kisha ya masuala ya sheria. Mambo kama malipo sawa kwa wanawake yaliingia Ireland kupitia mlango huo. Alikuwemo pia katika kamati ya kuvunjika kwa ndoa, 1983 hadi 1985. Mwaka 1986 wananchi waliikataa talaka kwa asilimia 63.5, mwaka 1995 waliikubali kwa tofauti ya nywele, asilimia 50.28.

Alisema nini kuhusu marekebisho ya katiba ya 1983?

Marekebisho ya Nane yalitaka katiba itambue haki ya kuishi ya mtoto ambaye hajazaliwa, sambamba na haki ya kuishi ya mama. Utoaji mimba ulikuwa tayari kosa la jinai tangu sheria ya 1861. Lengo lilikuwa kuzuia mahakama zisije zikafungua mlango kama zilivyofanya kwenye McGee.

Robinson aliyapinga, na namna alivyoyapinga ndiyo inayofaa kusomwa na mtu yeyote anayesomea sheria. Hakuanza na haki za wanawake. Alishika maneno ya kifungu, moja baada ya jingine, akauliza kila moja litamaanisha nini siku litakapofika mbele ya jaji. Ambaye hajazaliwa ni nani, na kuanzia lini? Haki mbili zilizo sawa zikigongana, daktari afanye nini usiku ule? Hata Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Peter Sutherland, alikuwa ameonya kuhusu utata wa maneno hayo. Septemba 1983 wananchi waliyapitisha kwa karibu asilimia 67.

Miaka tisa baadaye, msichana wa miaka 14 aliyebakwa alizuiwa na Mahakama Kuu asisafiri kwenda Uingereza kutoa mimba, na Mahakama ya Juu ikalazimika kuamua haki mbili zilizo sawa zina maana gani. Lilikuwa ni swali lilelile lililoulizwa seneti. Kifungu kiliondolewa kwa kura ya maoni ya 25 Mei 2018, asilimia 66.4.

Aliwezaje kuwa seneta na wakili kwa wakati mmoja?

Useneta Ireland haukuwa kazi ya kutwa nzima. Lakini zaidi ya ratiba, kazi mbili zile zilikuwa zinalishana. Jambo likikwama bungeni, alilipeleka mahakamani. Likishinda mahakamani, alirudi nalo bungeni na kuuliza serikali inangoja nini.

Mfano mzuri ni baraza la wazee wa mahakama (jury), yaani raia wa kawaida wanaoitwa kuamua kesi. Sheria ya 1927 iliwaweka wanawake kando, mpaka mwanamke mwenyewe aombe kuingizwa kwenye orodha. Katika kesi ya de Búrca, ambayo Robinson alikuwa miongoni mwa mawakili wake, Mahakama ya Juu ilisema hilo ni kinyume cha katiba, na mwaka 1976 ikaja sheria mpya. Mfano mwingine ni Airey, 1979, mbele ya Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu kule Strasbourg: mwanamke asiye na uwezo wa kumlipa wakili atenganishweje kisheria na mumewe? Ireland ilishindwa, ikalazimika kupanga msaada wa kisheria kwa kesi za madai. Na mwaka 1988, Strasbourg tena, alimtetea David Norris dhidi ya sheria za zama za Malkia Victoria kuhusu mashoga. Norris wakati huo alikuwa amekwisha kuwa seneta mwenzake wa Trinity, tangu 1987.

Alikuwa wa chama gani?

Aliingia bila chama, akajiunga na Labour mwaka 1976, akagombea ubunge wa Dáil kwa tiketi yao mwaka 1977 na 1981 na kuanguka mara zote mbili. Novemba 1985 alijitoa. Serikali ya Garret FitzGerald, ambamo Labour walikuwemo, ilikuwa imetia saini Mkataba wa Ireland na Uingereza, unaoipa Dublin sauti katika mambo ya kaskazini, na Robinson aliona Waprotestanti wanaotaka kubaki na Uingereza hawakushirikishwa. Wengi wa marafiki zake waliusherehekea mkataba ule. Uamuzi wake haukumpa faida yoyote ya kisiasa, na hata leo wapo wanaouona ni kosa. Ni mantiki ileile ya 1971, ila safari hii ilimgharimu kwa watu wake mwenyewe.

Alikuwa msemaji mzuri?

Si kwa maana ya jukwaani. Hotuba zake za seneti ni kavu, zina vifungu vingi, na mzaha ni wa nadra. Ukizisoma mfululizo zinachosha. Nguvu yake ilikuwa kujiandaa: alikuwa amesoma muswada kuliko waziri aliyeuleta, na waziri alijua. Ufasaha wa kugusa moyo ulikuja baadaye, kwenye urais.

Je, alikuwa seneta wa kwanza kuchokoza masuala haya?

La. Tarehe 11 Juni 1925 mshairi W. B. Yeats, aliyekuwa seneta kutoka 1922 hadi 1928, alisimama kuipinga hatua ya kufunga njia ya talaka na kuwaambia Wakatoliki walio wengi kwamba Waprotestanti wa Ireland si watu wadogo. Hotuba yake ni moto mtupu, na ndiyo maana haikumshawishi mtu. Ile ilikuwa seneti ya awali, iliyofutwa 1936. Hii ya sasa ilianza kukutana 1938.

Seneta anaweza kushtakiwa kwa alichosema ukumbini?

Hapana. Ibara ya 15 ya katiba inamkinga: kwa maneno aliyoyatoa ndani ya baraza atajibu kwa baraza lenyewe, si kwa mahakama.

Ni kweli Waireland walitaka kuifuta seneti?

Walikaribia. Serikali ya Enda Kenny iliitisha kura ya maoni tarehe 4 Oktoba 2013, na waliotaka ibaki walishinda kwa asilimia 51.7. Katika kampeni, waliotaka seneti ibaki walikuwa na kawaida ya kutaja majina machache yaleyale, Yeats, Robinson, Norris, na wapinzani wao walijibu kwamba majina matatu kwa miaka 90 si mavuno makubwa. Wote wawili wana haki.

Ana uhusiano gani na ukanda wetu?

Akiwa rais alikwenda Somalia wakati wa njaa ya 1992, na Rwanda baada ya mauaji ya kimbari ya 1994. Kuanzia 1997 hadi 2002 alikuwa Kamishna Mkuu wa Haki za Binadamu wa Umoja wa Mataifa. Machi 2013 Ban Ki-moon alimteua mjumbe maalumu wa Maziwa Makuu, kusimamia mkataba wa Addis Ababa uliosainiwa na nchi 11 tarehe 24 Februari mwaka ule, miezi michache baada ya waasi wa M23 kuitwaa Goma. Aliondoka Julai 2014. Walioufuatilia ujumbe wake wataitambua tabia ya seneta: alishika maandishi ya mkataba na kumkumbusha kila rais alichotia sahihi, na akasisitiza wanawake wawemo mezani, ndiyo maana ya mkutano wa Bujumbura wa Julai 2013.

Nitaipata wapi mijadala yenyewe, na nianze na upi?

Tovuti ya Oireachtas imeweka kumbukumbu rasmi za mabaraza yote mawili, bure, tangu mwaka 1922 kwa upande wa seneti. Ni neno kwa neno, pamoja na kukatizana na maonyo ya Cathaoirleach, ambaye ndiye spika wao. Unaweza kutafuta kwa tarehe au kwa jina la seneta. Kwa mwaka wa kwanza na ushee usishangae kukuta Miss Bourke, Mrs. Robinson anaanza 1971.

Anza na mjadala wa muswada wake wa pili, uliomalizika Machi 1974, kwa kuwa pande zote zinasikika na hakuna anayekimbilia kanuni. Ukimaliza, rudi nyuma usome vikao vya nusu ya kwanza ya 1971, kila shughuli za siku zinapopangwa, ambako mara nyingi utakuta aya tatu au nne tu: seneta anauliza muswada wake utachukuliwa lini, kiongozi wa ukumbi anajibu kuwa haujapangwa, na wanaendelea na jambo linalofuata.